Mgombea akibisha hodi: tumuulize nini, na tusimpe nini?

Mleta uzi

Ndugu zangu, wakati wa kampeni za uchaguzi uliopita nilikuwa nikiishi na mama yangu mzazi, ambaye umri umemfanya ashinde nyumbani, na katika muda wa majuma mawili kampeni za wagombea watatu wa kiti kimoja cha udiwani zilifika mlangoni kwetu. Ziara hizo tatu zimenifanya niamini jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hapo kabla: kwamba katika kampeni nzima, mlango wa nyumba ndio mahali ambapo mpiga kura anaweza kuuliza na mgombea akalazimika kujibu bila jukwaa, bila kipaza sauti na bila mshereheshaji wa kumwokoa. Wengi wetu tunaipoteza nafasi hiyo, kwa kuwa tunampokea mgombea kama mgeni wa heshima wakati yeye amekuja kuomba kazi.

Wa kwanza alikuja na wapambe wapatao kumi na wawili. Mmoja alikuwa akipiga picha, mwingine akigawa vipeperushi, na waliobaki waliitikia kila alichosema kabla hajakimaliza. Alisimama kizingitini kwa dakika zisizozidi nne, akazitumia zote kueleza alikosoma, alikofanya kazi na jinsi anavyowapenda wananchi, kisha akamshika mama mkono, akaielekea kamera, akaondoka. Mama alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili aulize jambo, na jambo hilo likabaki kinywani mwake.

Wa pili alikuja na msichana mmoja aliyeshika daftari. Alibisha hodi, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Mama alipomkaribisha, alijitaja jina, chama na nafasi anayoigombea, kisha akauliza, "Mama, kama ningekuwa diwani tangu jana, leo ungenituma nini?" Mama akamweleza habari za mtaro ulio nyuma ya nyumba, ambao umeziba kwa miaka na hufurika kila mvua inaponyesha. Nilitarajia ahadi. Badala yake alisema kwamba hana hakika kama mtaro ule uko chini ya halmashauri au chini ya mamlaka ya barabara, kwamba hapendi kumwahidi mama jambo lisilo katika uwezo wa diwani, na kwamba ataulizia kisha arudi. Msichana akaandika. Nakiri kwamba wakati ule nilimwona kuwa mgombea dhaifu, mtu asiyejua hata anachokiomba. Jioni mama akanirekebisha kwa maneno ambayo sijayasahau: "Huyu ndiye pekee aliyenionyesha mpaka wa kazi anayoitaka."

Wa tatu hakuja mwenyewe. Walikuja vijana wawili waliosema wametumwa naye, na mara tu baada ya salamu waliomba kuona kadi ya mpiga kura ya kila mtu aliyemo nyumbani ili waandike namba zake, kwa maelezo kwamba wanawahakiki watu wao. Mama alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kuichukua ya kwake chumbani. Nilimzuia, nikawauliza vijana wale namba ya kadi inamsaidiaje mgombea kuombea kura, na hawakuwa na jibu isipokuwa kwamba nyumba nyingine zote zilikuwa zimetoa.

Jambo hili la kadi linanikera mpaka leo, na naomba nilieleze kwa kirefu kidogo. Mgombea anayetaka kunishawishi anahitaji masikio yangu, hahitaji namba yangu. Namba ikishaandikwa, kinachobaki akilini mwa mpiga kura, hasa mzee au mtu asiyejiamini, ni wazo kwamba kuna mtu atakayejua alichokifanya ndani ya kile chumba cha kupigia kura. Kura ya siri ya namna tuijuayo leo ilitungiwa sheria katika makoloni ya Australia, yakiwemo Victoria na Australia Kusini, mwaka 1856, na Uingereza ikaichukua mwaka 1872, kwa sababu kabla ya hapo mpangaji alipiga kura mbele ya macho ya mwenye shamba, na kibarua mbele ya macho ya mwajiri, na aliyekwenda kinyume aliweza kupoteza makazi au kazi. Anayekusanya namba za kadi mlangoni hahitaji kuiona kura yangu ili anitishe. Inamtosha kwamba mimi nidhani ameiona.

Naomba wenye uzoefu, ama wa kubishiwa hodi ama wa kubisha, waeleze walivyoona.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, umefanya vema kumzuia mama. Nimezunguka nyumba kwa nyumba katika kampeni mbili tofauti, kwa hiyo naomba nieleze kile ambacho mwenye nyumba hakioni.

Watu wengi hudhani kwamba aliyebisha hodi amekuja kuwabadili mawazo. Kwa kweli kazi yetu kubwa ilikuwa kuhesabu. Tulipewa karatasi zenye majina yaliyopangwa mtaa kwa mtaa, na kila tulipotoka mlangoni tuliweka alama mbele ya jina: huyu ni wetu, huyu anayumba, huyu si wetu, huyu hakuwepo. Tuliagizwa tusibishane na mtu yeyote, kwa kuwa dakika kumi za mabishano ni nyumba tatu zilizopotea, na aliyekataa katakata tulimshukuru na kumwacha. Alama hizo tuliziweka baada ya kuupa mlango kisogo, kamwe si mbele ya mwenye nyumba. Siku ya kupiga kura karatasi zile ndizo zilizotuambia turudi kwa nani kumkumbusha kwenda kituoni. Aliyepewa alama ya kwamba si wetu hakurudiwa, hata kama alikuwa mgonjwa anayehitaji usafiri.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1998 Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio katika mji wa New Haven, Marekani, lililohusisha wapiga kura karibu 30,000. Baadhi walitembelewa nyumbani, baadhi walipigiwa simu, baadhi walitumiwa barua na wengine waliachwa bila kuguswa, na ujumbe wenyewe haukuwa wa chama chochote bali uliwahimiza tu wakapige kura. Waliozungumza na mtu ana kwa ana walijitokeza zaidi kwa takribani pointi 8 hadi 9 za asilimia. Barua zilisogeza kidogo, na simu hazikuonekana kusogeza chochote. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2018, Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 yaliyouliza swali jingine, yaani kama ziara na matangazo ya kampeni humfanya mtu amhame mgombea wake katika uchaguzi mkuu wa Marekani, na makadirio yao bora yalikuwa sifuri. Kwa maneno mengine, kubisha hodi humtoa mtu kitini, lakini ni mara chache humgeuza.

Ndiyo maana sikubaliani nawe kikamilifu kuhusu mgombea wa kwanza. Alimkosea mama heshima, hilo sina ubishi nalo. Hata hivyo hesabu yake inaeleweka: alitaka kuonekana katika nyumba nyingi kadiri iwezekanavyo kabla ya siku kuisha, na yule wa pili, kwa mwendo ule wa kuuliza na kuandika, hakuzimaliza nyumba za mtaa wenu.

Mchangiaji wa pili

Nawasalimu nyote. Mimi niligombea, na nikashindwa, kwa hiyo nazungumza kutoka upande wa nje wa mlango.

Mwanamke anayebisha hodi kuomba kura hukutana na swali ambalo wenzake wanaume hawakutani nalo. Katika nyumba kadhaa niliulizwa kama mume wangu ameniruhusu, na aliyeuliza hakuwa daima mwanamume. Siku za mwanzo nilikuwa nikijieleza, nikitaja kwamba mume wangu ananiunga mkono, mpaka nilipogundua kwamba kila ninapojieleza nalihalalisha swali lenyewe. Baadaye nilijibu hivi: "Nimekuja kuomba kura yako, ruhusa ya kugombea nimepewa na sheria." Wengine walicheka na wengine walifunga mlango, lakini mazungumzo yaliyofuata na wale waliocheka yalikuwa ya kweli zaidi kuliko yale ya mwanzo.

Kuna usalama pia. Hatukutembea chini ya watu wawili, hatukuingia ndani ya nyumba ambayo hatumfahamu mwenyewe, giza lilipoanza kuingia tuliacha, na kila mara kulikuwa na mtu aliyejua tuko mtaa gani. Mleta uzi amesifu hatua mbili za kurudi nyuma baada ya kubisha. Hatua hizo tulifundishwa na sisi. Aliye ndani anapata nafasi ya kutazama bila kubanwa, na aliye nje anapata nafasi ya kuondoka.

Siku moja nilibisha nyumba ambayo ilikuwa na msiba, nami sikuwa nimeambiwa. Nilivificha vipeperushi mkobani, nikatoa pole, nikakaa pamoja nao kwa muda bila kutaja uchaguzi, nikaondoka. Msimamizi wa kampeni yangu alinilaumu kwamba nimepoteza saa nzima mahali penye watu wengi waliokusanyika. Mpaka leo naamini nilifanya sawa, na ningelifanya tena.

Ombi langu kwa wenye nyumba ni moja. Tafadhali msituambie "kura yako ipo, usijali" kama haipo. Nilisikia neno hilo katika nyumba nyingi mno, nikalipangia mipango, na kura zilipohesabiwa hazikufika nusu ya walioniahidi. Kukataliwa hakuniumizi kama nilivyoumizwa na ukarimu ule, kwa kuwa aliyenikataa wazi angenipa nafasi ya kumuuliza sababu, na huenda sababu hiyo ingenisahihisha mapema.

Mleta uzi

Dada yangu, nimeisoma sehemu ya mwisho mara mbili, kwa sababu mama alimwambia yule mgombea wa kwanza maneno hayo hayo, "kura yako ipo", ilhali hakuwa na nia ya kumpa. Nilipomuuliza baadaye alisema kwamba watu kumi na wawili walikuwa wamesimama uani, wote sasa wanaijua nyumba, na yeye hakuona faida ya kujulikana kuwa mpinzani. Sasa nimesoma habari za zile karatasi za alama alizotueleza mchangiaji aliyetangulia, nami naona hofu ya mama haikuwa ya bure. Ninyi mliumizwa na uongo wetu, lakini uongo wenyewe mara nyingi ni ngao ya mtu asiyejua orodha ile itafika mikononi mwa nani.

Tangu hapo tumekubaliana nyumbani juu ya jibu lisilo la uongo na lisilomweka mtu hatarini: "Kura yangu ni siri, lakini swali langu si siri." Mgombea aliye makini atalichukua swali. Aliyekuja kuhesabu vichwa ataandika kwamba tunayumba, na hiyo si hasara kwetu, kwa kuwa mchangiaji wa kwanza ametufahamisha kwamba asiyerudiwa ni yule aliyepewa alama ya kwamba si wao.

Mchangiaji wa tatu

Nimewasoma wote kwa makini, na ninajiuliza kwa nini hakuna aliyependekeza njia rahisi, ambayo ni kupiga marufuku jambo hili la kuomba kura nyumba kwa nyumba. Japani imelikataza tangu mwaka 1925, mwaka ule ule ilipowapa wanaume wote watu wazima haki ya kupiga kura, na katazo hilo limo katika sheria ya uchaguzi ya mwaka 1950 inayotumika mpaka sasa. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo imelitetea zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba mlangoni hakuna shahidi, kwa hiyo ni mahali pepesi pa kupenyezea rushwa, kwamba utulivu wa nyumba huvunjwa, na kwamba wagombea hulazimika kushindana kwa gharama zisizo na kikomo.

Hoja ya rushwa naiona nzito. Nchini Tanzania sheria ya uchaguzi iliwahi kufanyiwa marekebisho mwaka 2000 ili kile kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida, yaani takrima, kisihesabiwe kuwa rushwa, na ilichukua hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2006 kuvifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka katiba. Swali lililokuwa mbele ya majaji ndilo swali la kizingitini: nani atapima nia ya anayetoa, wakati walioko pale ni mtoaji na mpokeaji tu? Vijana waliotaka namba za kadi kwa mleta uzi wasingethubutu kuziomba hadharani, mbele ya wapinzani wao na waandishi wa habari.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, ukifunga mlango, fedha zitapita dirishani. Japani yenyewe wagombea wamebaki kuzunguka na magari yenye vipaza sauti wakirudia majina yao mitaani, na sidhani kama mama wa mleta uzi angeweza kuliuliza gari habari za mtaro wake. Kuna njia za kati. Uingereza hairuhusu mtu alipwe ujira kwa kazi ya kubisha hodi kumwombea mgombea kura, kwa hiyo anayekuja ni mgombea mwenyewe au mtu anayejitolea. Nchini Marekani, mwaka 2002, Mahakama Kuu Kabisa iliifuta amri ya kijiji cha Stratton, Ohio, iliyomtaka kila anayebisha hodi kwa hoja ya dini au siasa ajiandikishe kwanza na kupata kibali, kwa kuwa iliona raia hapaswi kuomba ruhusa ya serikali ili azungumze na jirani yake. Na wakati huo huo mwenye nyumba aliyeandika kwamba hataki wageni wa namna hiyo alibaki na haki yake kamili.

Mleta uzi

Nakubaliana na mchangiaji wa tatu kuhusu hatari, ila siwezi kumfuata mpaka kwenye marufuku, kwa sababu marufuku ingemwondoa yule wa pili pamoja na wale vijana. Ninachokitaka ni kwamba sheria iyashughulikie matendo yenyewe: kuomba kadi ya mtu au namba yake kuwe kosa linalotajwa wazi na kutangazwa kwa wananchi, sawa na kutoa fedha, na mwenye nyumba ajue pa kulipeleka lalamiko siku hiyo hiyo.

Kuhusu hoja kwamba ziara hazimgeuzi mtu, naomba niongeze mambo mawili. Katika uchaguzi wa urais wa Ufaransa mwaka 2012, kampeni ya François Hollande ililenga kubisha mamilioni ya milango, na utafiti wa Vincent Pons juu ya kazi hiyo ulionyesha kinyume cha New Haven: idadi ya waliojitokeza haikupanda, lakini sehemu ya wapiga kura walimwelekea mgombea. Pili, Broockman na Kalla hao hao walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio la Miami, ambako mazungumzo ya mlangoni ya takribani dakika kumi yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na athari hiyo ilikuwa bado inaonekana miezi mitatu baadaye. Waliobisha hodi hawakuhubiri. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke siku aliyohukumiwa kwa sababu tu alikuwa tofauti na wengine, kisha wakanyamaza na kumsikiliza. Sisemi kwamba udiwani ni jambo la aina hiyo. Nasema tu kwamba dakika nne za kujisifu na dakika kumi za kusikiliza hazipaswi kuwekwa katika hesabu moja kwa kuwa zote zilifanyika mlangoni.

Sehemu ya mzigo huu ni yetu pia. Mama sasa ana karatasi aliyoibandika nyuma ya mlango, yenye maswali aliyoyaandika kwa mkono wake: nafasi unayoiomba ina mamlaka gani juu ya jambo hili, umelifuatilia lini kabla ya kampeni, na nikikuhitaji mwaka wa pili wa kipindi chako nitakupata wapi. Swali la mwisho ndilo analolipenda. Anasema wagombea huwa na majibu ya haraka kuhusu maji na barabara, lakini hilo la kupatikana huwafanya wamtazame yeye badala ya kutazama nyumba ya jirani.

Mchangiaji wa pili

Hukutuambia jambo moja. Yule wa daftari alirudi?

Mleta uzi

Alirudi, baada ya siku tisa, jioni, akiwa peke yake. Alieleza kwamba mtaro uko chini ya mamlaka ya barabara, kwamba diwani anaweza kulifuatilia jambo hilo na kuliandikia lakini hana uwezo wa kuliagiza, akachana ukurasa na kumwandikia mama jina la ofisi, idara inayohusika na siku ambazo hupokea wananchi. Hakuuliza kama atapata kura.

Alishindwa. Kiti alikichukua yule aliyekuja na wapambe, na tangu siku ile hajaonekana mtaani kwetu. Baada ya uchaguzi nilimwandikia mama barua, akaitia saini, nikaipeleka katika ofisi ile. Walituuliza maswali machache, wakagonga muhuri nakala yetu, na miezi minne baadaye mafundi walifika na kuuzibua mtaro. Ukurasa ule wa daftari mama hajautupa. Ameukunja pamoja na kadi yake ya mpiga kura, katika bahasha ile ile.